Wamama Ambao Hawakuhesabu Watoto

Mujukuu wangu Aline,

Hapa Goma tuko, mama yako anakusalimia. Kanisani kila mutu anajua mujukuu wangu anasoma statistiki ya juu kule Kinshasa pamoja na watafiti wakubwa. Ni mimi niliwaambia, hata padri.

Lakini swali lako limeniondolea usingizi. Katika utafiti wako wa kutafuta wamama waliofiwa watoto, wengine walikataa kusema wamezaa wangapi. Unauliza kama ni kiburi, maana kesho unataka kuwafuta katika hesabu yako.

Nilipokuwa mutoto Kibumba, muandikaji mumoja wa serikali, wa kuhesabu watu, alimuuliza mama yangu, "Uko na watoto wangapi?"

"Mungu anajua."

"Basi niandike hakuna?"

"Andika unavyotaka, papa."

Na mimi nilikuwa nimesimama palepale! Nikamukimbilia yule muandikaji njiani: "Papa, na mimi je?"

Akacheka. "Mama yako hakukutaja."

Nikarudi nikilia. Mama akanivuta kwake. "Kwetu watoto hawahesabiwi. Na leo nikianza kuhesabu, yule mudogo wenu nimuweke wapi?" Tulikuwa tumetoka kumuzika.

Aline, uko na akili, umenifuata mimi. Ila naogopa: hao unaotaka kufuta, pengine ndio ulikuwa unawatafuta.

Nijibu leo kwa simu hii, mbele ya kesho.

Koko wako