Mashikio Juu ya Moto wa Samaki

Nchelenge, Jumamosi, siku ya posho, asubuyi

Yaya yangu Kabamba, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia mingi, weye na batu bote ba mu nyumba. Mugongo umeacha kukusumbua? Na bibi yako, bado anakukemea juu ya redio? Siye huku tuko bazima. Naanza na ile neno juu nakujua: ukiona tu mwandiko wangu, moyo unaruka, unafikiri ni habari ya kilio. Hapana, yaya. Kaa chini, kunywa chai. Ni habari ya haya kwanza, kiisha ya furaha, na weye mwenyewe uko ndani pasipo kujua.

Tangu vita ilitufukuza upande wa Pweto na bwato likatushusha ku ngambo hii ya ziwa, nashona nguo za batu. Nakaa ku nyuma ya nyumba ya BanaMulenga, mujane wa hapa, mwenye kukausha samaki na moshi. Sasa hapa pa kivuko batoto ba Kongo bamejaa. Masomo ya hapa ni Kibemba na Kingereza, na batoto betu banashinda pa muchanga kama mizigo yenye haina mwenyewe. Roho iliniuma. Nitafundisha na nini? Hakuna buku, hakuna ubao. Njo nikakumbuka Mashikio.

Unakumbuka, yaya? Televizyo moja tu mu avenyu nzima kule Lubumbashi, ku nyumba ya ule jirani mwenye miwani. Mangaribi batoto bote tuko pa simiti na miguu michafu, na mu televizyo ule pupe, mutoto wa bandia wa kitambaa, anatokea juu ya meza yake, sikio moja kubwa sana, lingine hakuna. Anauliza, "Mbili na tatu?" Tunajibu. Yeye anageuza sikio: "Sikusikia! Semeni tena!" Basi mikono juu, tunapiga kelele mpaka mwenye nyumba anatufukuza. Mu nyumba ile mimi peke yangu nilijua kama chini ya meza ya Mashikio kulikuwa yaya yangu, amekunja magoti, mukono mu kitambaa. Nilikuwa najisikia mutoto wa mufalme.

Baba hakutaka hata kuangalia. "Mwanaume muzima anacheza na pupe!" Na weye ukameza ile maneno. Mpaka leo unaambia batu ulikuwa fundi wa umeme kule ku televizyo. Uongo tupu, yaya, hata taa ya chumba chako ilikushinda.

Nikakata kipande cha kitenge, kichwa nikafanya na boya la nyavu, nikamushonea sikio lake moja. Batoto balifurahi! Juma mbili tu, banahesabu mpaka mia.

Sasa sikiliza bupumbafu wangu. Mvua ilitupata pa muchanga, Mashikio akalowa mpaka ndani. Nikawaza: kama moshi unakausha samaki, utakausha na yeye. Nikamutundika pa kichanja cha BanaMulenga, katikati ya samaki, kamba ku shingo. Ku shingo, yaya! Nikarudia ku mashini yangu, naimba.

Na hapa batu habachezi na mambo ya nyavu. Samaki zilikuwa zimekimbia, nyavu zinarudi na majani tu, na kila mutu anatafuta nani amefunga ziwa. Ba Chisanga, mwenye nyavu kubwa pa kivuko chetu, akapita kununua samaki. Akainama pa moto, akaona katoto kadogo keusi kametundikwa, sikio moja limekatwa. Alipiga kelele mpaka mbwa zikakimbia.

"Mulozi! Muchawi! Huyu mwanamuke wa Kongo njo anafunga ziwa na dawa yake!"

Kesho yake saa mbili, hedimani, mukubwa wa muji, akatuita ku banda la nyavu. Batu tele. Ba Chisanga hakuzunguka: huyu apande bwato leo, arudie kwabo. Kwetu gani, yaya? Kule kwenye bunduki? Niliogopa. Niliogopa kuliko siku ile ya kukimbia, juu siku ile nilikuwa na fasi ya kukimbilia. BanaMulenga alinishika mukono, lakini na ncha ya vidole tu.

Hedimani akauliza, "Mama, hii kintu kazi yake ni nini?"

"Mukubwa, inafundisha batoto kuhesabu."

"Mwalimu gani anatundikwa na samaki?" mwanamuke mumoja akasema. Bakacheka, lakini haikuwa kicheko cha kunisaidia.

Nikaomba ruhusa nioneshe. Nikaingiza mukono. Alikuwa ananuka samaki, Mungu wangu! Nikatoa ile sauti yako ya ku pua, ile niliiba tangu utoto.

"Mbili na tatu?"

Batu banarudi nyuma. Nikageuza sikio upande wabo.

"Sikusikia! Semeni tena!"

"TANO!"

Alikuwa Ba Chisanga. Mikono yote mbili juu, kinywa wazi. Alishituka kutupita siye bote. Akaangalia mikono yake kule juu, akaishusha polepole.

"Awe, hapana," akasema. "Huyu ni Mashikio."

Kumbe alikulia Lubumbashi! Baba yake alikuwa anafanya kazi kule, na yeye alikuwa anachungulia televizyo ku dirisha la batu. Akaanza kuelezea, mutu wa ndevu, vile Mashikio alikuwa anaosha mikono, vile aliogopa herufi ya R. Hedimani akamungoja amalize, kiisha akamuuliza, "Sasa, Ba Chisanga, na weye ni mulozi?" Banda zima likavunjika na kicheko. BanaMulenga akanishika sasa na mukono muzima. Hedimani akakata neno: nibakie, nifundishe pale pale ku banda la nyavu. "Lakini mama, pupe wako akilowa, umuanike ku jua kama nguo za batu bengine."

Nilitoka pale, nikakaa pa muchanga, nikalia na kucheka pamoja. Nimebakia, yaya. Nalala vizuri. Samaki hazijarudi bado, lakini hakuna mutu anataja jina langu.

Ile mangaribi Ba Chisanga akakuja peke yake ku mashini yangu. Akauliza ile sauti nimeitoa wapi. Nikamwambia: ni ya yaya yangu, tumbo moja, Mashikio alikuwa mukono wake. Akavua kofia. Mwenye bwato tatu anavua kofia juu yako! Akasema ku masomo kule Lubumbashi balikuwa banamucheka juu ya Kifaransa chake, basi alikuwa ananyamaza tu kutwa nzima. Ni ku ile dirisha tu njo alikuwa anajibu na sauti.

Kiisha siku moja Mashikio hakutokea. Hakuaga mutu. Ba Chisanga alirudia ku ile dirisha mwezi muzima. Akaniambia, anaangalia chini, kama siku ile ya mwisho alikosea hesabu, akajibu saba, na mpaka leo anafikiri ni juu ya ile. Hata siye nyumbani hukutuambia juu ya nini ilikwisha.

Barua hii inapita na muchuuzi anayezungukia Kasumbalesa, atakuletea mu mukono. Unisalimie mama mudogo muuza mikate, na nkambo wetu muzee, umwambie nakula na nimenona. Na bibi yako, akuachie redio yako.

Lakini kesho usikae kuniandikia miye, miye nimepona. Andikia Ba Chisanga. Umwambie saba haikuwa kosa lake.

Ni miye mudogo wako mwenye maneno mingi,
Mwadi