Pengo la Wembe wa Baba

Mamboleo, Kisumu

Dada yangu mpenzi Naeema,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, pamoja na huyo mtoto wenu ambaye nasikia analia mpaka majirani wa Nakuru wamelijua jina lake. Huku tunaendelea. Amirah mke wangu anakusalimu sana, anasema ukija usisahau kumletea viazi. Usishangae kuona barua na simu ninayo. Kila ukipiga, Baba huwa ubavuni mwangu, sikio limesimama, na haya ninayokuandikia sikuweza kuyasema mbele yake.

Unaijua kazi yetu. Vijana wanataka mashine tu, lakini wazee bado wanamtaka Baba na ule wembe wa kukunja alioachiwa na babu. Kabla hajamgusa mtu kidevu lazima aunoe kwenye kinoo, aupitishe kwenye ukanda wa ngozi, kisha ayakague makali pale dirishani. Mwaka jana, baada ya Ramadhani, alianza kulalamika kwamba wembe una pengo katikati. Akaniita nitazame. Akaniuliza kama nimeliona, nikasema ndiyo Baba, naliona.

Akasema basi tutafute kifaa cha kukagulia, macho matupu hayatoshi. Nikamnunulia kioo cha kukuza, kile chenye mpini wanachosomea wazee magazeti. Akasonya. Alisema kinakuza wembe mzima lakini makali yenyewe yanabaki ukungu. Tukaenda kwa Dalmas, fundi wa saa, unamkumbuka kwa ule mdomo wake. Dalmas akamwazima lenzi yake ya kubana jichoni, akasema inakuza mara kumi na kwa wembe hiyo inatosha, kwa sababu ukizidisha utaanza kuona kila mkwaruzo wa kinoo kama mtaro na utakosa usingizi bure. Baba akafumba jicho moja, akatazama, akasema lo, kumbe pengo lenyewe ni kubwa hivi. Dalmas naye akatazama, akasema kweli Mzee, liko. Tuliporudi dukani Odongo wa Dunga alikuwa anangoja kunyolewa, akapewa lenzi, naye akaliona. Aii, Naeema, kila mtu aliliona! Nani angethubutu kumwambia Mzee Seif kwamba haujui wembe wake?

Basi Baba akarudi kwenye kinoo. Ananoa, anakagua, pengo liko, ananoa tena. Ule wembe mpana wa babu umelika mpaka umebaki utepe. Nikimwambia apumzike ananigombeza, eti mimi kazi yangu ni mashine, wembe siujui.

Mwishowe nikachoka na huo ubishi, nikaagiza hadubini ndogo ya kubandika kwenye kamera ya simu, ina taa yake pia. Nilijua sasa yataisha, maana tutaona sote pamoja kwenye kioo cha simu. Tukaulaza wembe mezani. Makali yalikuwa yamenyooka kama uzi uliovutwa. Baba akasema si hilo hapo, katikati. Nikausogeza wembe kidogo, akasema bado liko katikati. Nikausogeza mpaka nchani, akasema katikati. Nikafungua wembe mpya wa pakiti, ambao haujagusa ndevu za mtu, akasema na huo pia una pengo. Hapo nikauacha wembe. Nikamwomba anitazame mimi usoni. Akacheka, akaniambia leo sina pua.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole. Akasema ni sukari, imekaa mwilini bila kujulikana, na imeharibu katikati ya macho yote mawili, pale mtu anaposomea na kutambulia sura za watu. Sindano zipo, lakini zitalinda kilichobaki tu, kilichopotea hakirudi. Akatuuliza mbona tumechelewa hivi. Baba akamjibu, tena kwa kujiamini, kwamba alidhani ni wembe, kwa sababu hata mwanawe aliliona hilo pengo.

Dada, sikuliona. Hata mara moja sikuliona, wala Dalmas, wala Odongo, nimewauliza wote. Nilisema naliona kwa sababu ni baba yangu na sikutaka kumbishia kwenye kazi yake, na wao wakasema kwa sababu mimi nilishasema. Tumemheshimu Baba mpaka amepofuka. Moyo wangu umevunjika, sijui niuweke wapi.

Nilimwambia pale pale, kwenye benchi nje ya hospitali. Nilidhani atanilaani. Akasema ningemwambia tu. Angenikasirikia siku moja, labda mbili, kisha yangekwisha. Nililia mbele za watu, Naeema, na sikuona haya.

Anakungoja wewe na mtoto. Zile nywele za akika za mtoto mlizomwachia azinyoe yeye, ameniambia nizinyoe mimi, na ameniambia bila hasira, jambo ambalo limeniumiza zaidi. Jambo moja nakuomba. Ukimsogezea mtoto, Baba atageuza uso pembeni, kama mtu asiyetaka kumwona. Usidhani amenuna, wala usimhamishe mtoto kwenda upande ule anaotazama. Tulia naye pale pale mbele yake. Sasa anaona kwa pembeni tu, na akigeuza uso hivyo ujue ndipo anapomtazama mjukuu wake.

Msalimie sana shemeji, na mtoto mpe busu la mjomba wake. Mwenyezi Mungu awafikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhair