Mlima wa Saa Tatu

Dada yangu mpendwa Notburga,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Kifua chake kinaendeleaje tangu ahamie kwako? Huku tu wazima, ila theluji imewahi, na yule ng'ombe mwekundu hatoi maziwa.

Ni wiki ya sita tangu tumzike mdogo wetu Kassian, na bado natenga bakuli lake. Unakumbuka alivyokuwa akifumba jicho moja kila asubuhi, akingoja jua lichomoze kileleni?

Jumanne alikuja mpimaji wa ramani, akauliza mlima huu wenye msitu unaitwaje. Tukamwambia Saa Tatu, kwa kuwa ndipo jua linapofika kileleni. Akasema bonde la ng'ambo wamemwambia Saa Tisa, maana kwao jua hufika pale alasiri, likienda kutua. Mzee Vigil akadakia, "Andika Saa Tatu, bwana! Wale saa tisa ndiyo kwanza wanaamka!" Watu wakacheka. Mimi, dada, nilimwomba mpimaji arudie maneno yale.

Tangu aoe ng'ambo, Kassian alikuwa akivuka msitu kuja kutengeneza mfereji wa mbao tunaoteremshia magogo. Siku moja kabla ya kifo chake alimtuma mtu aniulize kesho tutaachia magogo wakati gani. Nilijibu kama tunavyojibu siku zote: jua likifika kileleni. Sikufikiri kwamba sasa anahesabu jua la upande wa mkewe. Asubuhi ile alikuwa ndani ya mfereji akigongomea ubao, akidhani ana muda hadi alasiri. Kigingi cha kuachia magogo nilikichomoa mimi, kwa mkono huu ninaoandikia.

Watu walisema alilewa. Baba akasema Filomena ndiye aliyemnywesha mumewe, akamfukuza makaburini mbele ya wote, na mimba ile. Nimejua ukweli tangu Jumanne. Leo ni Jumapili, na kanisani, ambako Filomena huvuka msitu kuja kusali, nimempita nikiangalia viatu vyangu.

Nakuomba umsomee Baba barua hii yote, usiruke mstari. Kesho navuka msitu kwenda kumwambia Filomena mwenyewe. Baba akitaka bado kumfukuza mtu kaburini kwa Kassian, mwambie arudi, anifukuze mimi.

Wabusu watoto. Soksi ulizonitumia zimenienea.

Mdogo wako,
Vinzenz