Jina Ambalo Sikuliandika Mimi

Jumanne. Mvua imepiga tangu alfajiri, na mtaa wetu huu wa nyuma, Kariakoo, umekuwa tope tupu. Nilijua sitapata wateja. Nimefungua hivyo hivyo, maana nyumbani sina la kufanya.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nilianza kazi ya kompyuta enzi za mashirika ya umma, mashine moja ikijaza chumba kizima, nasi tukivaa masweta kwa baridi ya kiyoyozi huku nje jua la Dar likiwaka. Shirika likabinafsishwa, tukapunguzwa. Wenzangu walinunua mashamba. Mimi nilinunua kompyuta za mtumba kutoka Dubai, nikapanga chumba hiki upande wa Gerezani, katikati ya wauza vipuri. Watu huniletea shida zao, nami huwaeleza kwa lugha ya kawaida mashine imefanya nini.

Nyingi ni shida ndogo. Ya leo haikuwa ndogo.

Kabla ya adhuhuri aliingia Mama Hamisi, mkunga mstaafu, pamoja na binti yake Mwajuma. Hamisi, mwanawe, yuko Muscat kikazi. Simu ya mama iliibiwa sokoni, namba ya mwanawe ikaenda nayo, na Mwajuma hakuwa ameinakili. Kisha nyumba waliyopanga ikabomolewa, wakahamia Buguruni. Hamisi hana habari. Kilichobaki ni barua pepe, na neno la siri mama amelisahau.

Nilimwomba anwani ya Hamisi ili nimwandikie kwa sanduku langu la barua pepe. Haijui. Siku zote alikuwa anabonyeza “jibu” tu. Anayoikumbuka ni ya kwake mwenyewe.

Bado palikuwa na njia. Ukisahau neno la siri, mashine hukuuliza swali uliloliweka siku ya kwanza. Ukijibu sawasawa, unaweka neno jipya. Swali likatokea: jina la mtoto wako wa kwanza?

Nilitabasamu. Mtaa mzima unamwita Mama Hamisi. Hata sikumuuliza, nikaandika Hamisi. Ikakataa. Nikaandika Khamisi, kisha Hamis. Ikakataa, ikaonya kwamba imebaki nafasi moja, halafu sanduku litafungwa.

Mwajuma alisema labda dada wa kafe ya intaneti, aliyemfungulia mama yake sanduku hilo, alikosea herufi. Nami nilidhani hivyo. Mama yake alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga. Mwisho akamtuma binti yake maji ya kunywa. Mwajuma akamkumbusha kwamba wamekuja na chupa.

“Nataka ya baridi,” akasema mama.

Mwajuma akatoka na mvua ile.

“Baba Tatu,” mama akaniambia, “kabla ya Hamisi alikuwepo mwingine.”

Nikavuta kibodi, nikamwambia anitajie jina niandike.

“Siwezi kuliandika mwenyewe?”

Nilisimama, nikampa kiti changu, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza akimaliza. Akaniomba nitazame nje. Nikatazama mikokoteni ikisukumwa kwenye maji. Nyuma yangu nilisikia herufi moja, kimya, herufi nyingine. Nilitamani sana kugeuka nimsaidie.

Sikugeuka.

“Inataka neno jipya,” akasema.

Ilikuwa imekubali.

Alinieleza kwa ufupi. Alikuwa mtoto wa kike, aliishi wiki chache. Marehemu mumewe hakutaka atajwe, na Hamisi na Mwajuma walikua bila kujua. Dada wa kafe alipouliza, alimjibu kweli kwa sababu yule alikuwa mgeni, hamjui wala hatamhoji. Leo mimi sikumuuliza, na binti yake alikuwa ameketi palepale.

Sanduku lilikuwa limejaa barua za Hamisi. Mwajuma alirudi ameloa, akaanza kuzisoma kwa sauti, akashindwa kumaliza. Katika ya mwisho Hamisi alikuwa ameandika kwamba alimtuma mtu nyumbani, naye akakuta kifusi. Aliomba jibu, hata neno moja.

Nilijitolea kuandika. Mama Hamisi hakuiachia kibodi. Akaandika kwa kidole kimoja, bila herufi kubwa wala nukta: mimi mzima tuko buguruni. Akabonyeza mwenyewe.

Hamisi amejibu kabla mvua haijakata. Ameomba namba ya simu, na mama akaiandika tarakimu moja moja, Mwajuma akimtajia.

Mama ameniruhusu niyaandike haya, mradi nibadilishe majina na mji wa mwanawe. Nimebadilisha. Lile jina moja sikuwa na haja ya kulibadilisha, kwa kuwa silijui.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Watu hunisifu kwa wepesi wa mikono. Mteja akieleza shida yake, mimi nimeshaandika. Nimeuita huo msaada miaka yote, na leo ulibakiza nafasi moja tu kabla ya kumfungia mama mlango wa mwanawe.

Kuanzia kesho kibodi inakaa upande wa mteja, hata foleni ikifika barabarani.