Mama Ameuona Mlima Kabla Hujafika

Glenorchy, Otago
Jumapili, 10 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Hohepa,

Salamu tele kutoka huku baridini. Hujambo wewe? Wifi yangu Lorraine na watoto wanalistahimilije joto la Perth? Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya shemeji yako Colin, na kisa chake utakisikia sasa hivi.

Najua tulikubaliana tukusubiri hadi Januari, theluji ikishakwisha, tumpandishe Mama sote pamoja. Lakini daktari wa macho amesema kufikia Januari Mama atakuwa anatofautisha mchana na usiku tu. Hata sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Maisha yake yote amewapikia wapanda mlima, na mwenyewe hajawahi kufika pale miti inapokoma. Basi Alhamisi tukaenda. Ukitaka kugomba, nigombeze mimi.

Njia yenyewe, ndugu yangu, bado haijaiva. Huku chini ni matope na maua, vijito vimefura, na yale madaraja mawili yanayong'olewa kila majira ya baridi yasisombwe hayajarudishwa. Colin akambeba Mama mgongoni.

"Mama, umekuwa gunia la viazi!"

"Nyamaza utembee. Miaka yote hiyo nakulisha, ulidhani ni bure?"

Maji yalimfika Colin magotini. Mimi nilishika kamba niliyomfunga kiunoni, roho mkononi.

Miti ilipokoma tukaingia kwenye theluji, bado ngumu kwa baridi ya asubuhi, inalia chini ya viatu. Mama akasimama. Hohepa, sijui nikuelezeje. Weupe mtupu, juu na pande zote, na kimya cha kukufanya uone aibu kupumua. Kwa kuwa hawezi kuuona mlima wote kwa pamoja, aliutazama kipande kipande, akianzia miguuni pa mlima na kupanda taratibu, midomo ikimcheza kama anayesali. Mlima huu nimezaliwa nao, lakini siku ile nilijua kuwa sijawahi kuutazama.

Nikainama kufunga kamba za kiatu. Mara ngurumo, na ardhi ikatetemeka. Nilipoinua kichwa, ng'ambo ya bonde palikuwa na vumbi jeupe tu. Theluji ya upande ule ilikuwa imeporomoka yote, na Mama ndiye aliyeiona ikikatika!

"Ilianza na ufa mdogo, kama wa yai," akasema, analia huku anacheka. "Na wewe Ngāhuia mwenye macho mazima, ulikuwa wapi?"

Jua lilikuwa limeshashika. Colin akachomeka fimbo kwenye theluji, ikazama hadi mpini: imeshalainika, na ya upande wetu nayo ingeweza kuporomoka. Kilele cha njia kilikuwa pale pale juu yetu, karibu kabisa, lakini nikasema turudi. Niliogopa nitamvunja Mama moyo.

"Turudi tu. Mlima huu ni babu yetu, na kichwa cha babu hakikanyagwi," akasema, kisha akadai chai. Kumbe kea, wale kasuku wezi, wameshaondoka na kifuniko cha chupa.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Jana, tukimenya viazi, Mama alinishika mkono. "Mlima nimeshauona. Macho yaliyobaki nayatunza kwa ajili ya Hohepa. Mwambie aje kabla hayajaisha." Nikamwambia kwamba wewe siku hizi umeota kipara. Akasema hilo hatalisadiki hadi alione mwenyewe.

Kwa hiyo Januari tuiache. Njoo mwezi huu, hata peke yako.

Wasalimie Lorraine, Tia na Kauri. Shangazi Mihi anakusalimu, na Colin anakusalimu kwa magoti yote mawili. Wazee wetu wakutangulie njiani, wakufikishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Ngāhuia

Nimesahau jambo moja: ukifika, usimkimbilie kumkumbatia. Simama mlangoni, utulie. Atakutazama akianzia miguuni.