Mlango Tulioukuta Umefungwa

Somo yangu mpendwa,

Salamu kutoka Nizwa. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayakuwa mazima hata tulipokuwa tukikimbizana Ibra. Sisi wawili tulipewa jina la babu mmoja, mtu akiita "Seif!" uani, tunaitika sote, na likitokea kosa halina mwenyewe. Hili la sasa lina mwenyewe.

Waikumbuka likizo yako ya mwisho? Ulikuja na fomu za ukaguzi za huko unakoishi, nchi inayoomba kuingia katika umoja wa majirani zake, na ambayo imetakiwa kwanza irekebishe mahakama zake. Serikali inasema imerekebisha. Jumuiya yenu ya raia inakwenda kutazama kama ni kweli. Sikuelewa kitu. Ukanipeleka Sinaw, soko la Alhamisi, ukanisimamisha mbele ya mbuzi.

"Mwenyewe anasema ana umri gani?"

"Miaka miwili."

"Haya, mfungue kinywa, somo, uhesabu meno. Kazi yetu ndiyo hiyo."

Mbuzi akanitafuna kidole. Mwenye mbuzi akakwambia, "Huyu ndugu yako mpeleke akanunue kuku." Ulicheka mpaka tunaingia Nizwa. Njiani nikakiri kwamba nilipokuwa mkaguzi wa skuli, niliwahi kuandika kuwa skuli moja ina maabara kwa kuuona mlango wake tu, maana jua lilikuwa kali na ndani ya gari mna baridi nzuri. Hapo hukucheka. Ulisema, "Usiandike usichokiona, hata kwa kumridhisha umpendaye." Mtu mzima na mvi zangu, nikaona haya kama mwanafunzi.

Ndiyo maana nilipokuja kukutembelea nilikufuata mahakamani, nimevaa koti lako lisilofunga tumboni. Kesi zote ziwe wazi, ndivyo isemavyo sheria yao mpya. Askari akatuzuia mlangoni, sisi pamoja na bibi mmoja ambaye nyumba yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiamuliwa ndani. Tulikaa nje asubuhi nzima. Mimi nilimshikia mkoba, yeye akanimenyea tofaa. Wewe uliandika saa, namba ya chumba na jina lake, ukamwambia maneno, kisha ukanifasiria: "Nimemwambia hili litaingia kwenye ripoti. Akiwa nayo, anaweza kuomba kesi isikilizwe upya."

Bibi akanitazama mimi, ati kama kutaka hakika. Nami, mjinga wa lugha yao, nikamtabasamia. Nilikudhamini kwa meno yangu yote.

Ripoti imetoka, hata kwa Kiingereza. Binti yangu amenisomea ukurasa kwa ukurasa. "Mahakama kuwa wazi kwa watu: imetimizwa." Chini yake jina lako. Mwezi uleule ukawa mshauri wa wizara yao ya sheria.

Nilikupigia. "Somo, na ule mlango?"

"Ah, yakhe, siasa huzijui wewe. Ukiwabana sana hawatuiti tena mezani. Lazima tuwatie moyo."

"Na yule bibi?"

"Ile kesi moja tu, somo. Kesi moja!"

Najua mimi si mtu wa hasira. Nikikasirika huomba chai. Basi nimekunywa chai nyingi wiki hizi. Kinachonikereketa si kwamba umewapendeza wakubwa. Wakubwa watapata wengine. Ni kwamba ulinikalisha karibu na yule bibi, ukautumia uso wangu huu wa upole kumtuliza, na sasa yuko huko anangoja karatasi ambayo wewe umeifuta.

Jana niliiandikia jumuiya yako. Nimetaja saa, chumba, askari na jina la bibi, na nimeomba ripoti isahihishwe. Leo mwenzako mmoja akanipigia simu, mtu mwenye adabu sana, akauliza kama nina shahidi.

Niliimalizia chai iliyobaki kikombeni.

Kisha nikasema ninaye, na nikakutaja wewe. Watakupigia kabla ya Ijumaa. Nakuomba upokee.

Mola akuhifadhi huko kwenye baridi,

Somo yako, aliyekuwa amekaa kushoto kwako nje ya mlango ule