Ngozi Niliyoikalia kwa Mama Mkwe Wako

Mdogo wangu Paulina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Kile kifua chako cha asubuhi kimetulia? Sisi huku Tlawi tu wazima, ila kondoo bado hawajakatwa manyoya. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya? Wewe unakaa chini, kichwa cha kondoo mapajani, unamwimbia nyimbo za kwaya. Mimi na mkasi. Kondoo akirusha teke unaniambia, "Dada, unanyoa au unachuna?" Tunacheka mpaka mkasi unapotea njia.

Na yule dume wetu, Katekista. Tulimpa jina hilo kwa sababu kengele ya kanisa ikigongwa, naye analia. Alikuwa dume pekee mwenye manyoya ya kusokota hapa kijijini. Madume wengine wote wana nywele kama mbuzi. Begani alikuwa na kovu la senyenge, na mkasi ukigusa hapo anaruka. Wewe ndiye ulisema, "Hapo mwachie tu, dada. Hicho ndicho kitambulisho chake." Tangu siku hiyo kila tukimnyoa, kile kishungi cha manyoya juu ya kovu tulikiacha.

Nilipomleta kwako Gehandu apande majike yako, nilikupa kwa moyo mweupe. Ukanipigia simu unalia: "Dada, fisi! Hakuacha hata kwato." Nikalia na wewe. Nikasimama kwenye jumuiya, nikaomba wakusalie usivunjike moyo. Akina mama wakasali, Paulina. Walisali kwa machozi.

Halafu Pasaka nikaja kuwasalimia. Nikampa mama mkwe wako shikamoo, akanivutia kiti kilichotandikwa ngozi ya kondoo. "Kaa hapa mwanangu, ngozi hii ina joto. Nyama yake tulikula kwenye kipaimara cha mjukuu wangu. Huyu mdogo wako ana mkono wazi!" Nikapeleka mkono nyuma niinyooshe ile ngozi, vidole vikakuta kishungi. Wewe ulikuwa mlangoni na birika. Ulinitazama, ukarudi jikoni. Nilipoaga hukunisindikiza hata mpaka njiani.

Najua wageni walikuja na hukuwa na kitoweo. Najua pia ukoo wa mumeo unavyokusema. Ungeniambia, ningekushushia beberu siku ileile. Dume nimeshaacha kumlilia, ingawa wanakondoo wa mwaka huu wametoka na nywele, na gurudumu la mama la kusokotea limekaa tu. Kinachonila ni zile sala. Ulinisimamisha mbele ya Mungu na uongo wako mdomoni mwangu, nami sijui.

Padri ameniambia nisamehe. Nimejaribu. Lakini nisamehe nini, wakati kwa mdomo wako mpaka leo ni fisi?

Juzi nilimnyoa jike mzee peke yangu, kichwa nimekibana kwa magoti. Nikamkata sikio. Shemeji yako akataka kunishikia, nikamkatalia. Nafasi ile ni yako. Hata kwa hasira hii niliyonayo, sijaweza kumpa mtu mwingine.

Nijibu upesi, mdogo wangu. Usiniandikie habari za mvua. Niandikie tu, fisi alikuwa nani.

Ni mimi dada yako,
wa tumbo moja.